Karatasi Tatu za Mlango Mmoja

Mwezi wa saba, mwaka wa sabini na tano, fisi alimwuma mjukuu wa jirani yetu Laurenti usoni. Mnyama aliingia kupitia dirishani, mapema tu jioni, watu wazima wakiwa bado wanakula nje. Mtoto alipona, ila shavu moja halikurudi. Nilikwenda kumpa pole mama yake, nikamwona mtoto, nikarudi kwangu. Nilipoufikia mlango wangu niliusukuma kidogo kwa kiganja, kuupima tu, na fremu yote ikacheza. Tangu jioni ile sikulala usingizi wa maana.

Si kwamba fisi tulikuwa hatuwajui. Kule tulikotoka kila mtu alikuwa na tembe lake na boma la miiba, na fisi alizunguka nje mpaka akachoka mwenyewe. Kisha tukahamishiwa kijijini, mwendo wa saa tatu kwa mguu kutoka Ilongero. Nyumba zikapangwa mistari iliyonyooka, zikapendeza kwa watu waliokuja na gari na kuondoka na gari. Miiba yetu ilibaki kwenye mahame. Bwana mmoja wa wilayani akatueleza kwamba nyumba bora ina madirisha mawili makubwa ya kuingiza hewa. Hakusema ni nini kingine kingeweza kuingia humo, na sisi hatukumwuliza, tulimpigia makofi.

Mimi ni Elina, wengi huniita Mama Hana. Mume wangu alifariki kabla ya kuhama, akaniachia binti mmoja, mbuzi saba na mlango. Ule mlango aliuchonga mwenyewe kwa tezo kutoka gogo moja la mninga, ubao mmoja mpana usio na kiungo, unene wake vidole vinne. Siku ya kuhama wenzangu walibeba vihenge na mitungi. Mimi na Hana tulibeba mlango pamoja na kizingiti chake, tukipumzika kila baada ya hatua mia. Lakini nafasi iliyoachwa kwenye nyumba mpya ilikuwa kubwa kuliko mlango wenyewe. Aliyenijengea akajazia pembeni mbao za maboksi ya chai, na fremu akaitengeneza kwa mti laini ambao mchwa waliushukuru. Madirishani alipigilia mabati ya debe lililokunjuliwa. Upepo wa kipupwe ukivuma, madebe yale yaligonga usiku kucha, na kila yakigonga mimi nilikaa kitako kitandani nikisikiliza kama ni upepo kweli.

Na Hana alikuwa amekuja kujifungua. Mumewe, Melkizedeki, alikuwa mfanyakazi wa reli pale Itigi, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake binti. Tena mtoto mchanga hatolewi nje, havushwi kizingiti, mpaka kitovu kidondoke. Wanawake wa siku hizi wanalegeza. Mimi silegezi, na sababu ninayo. Mtoto wangu wa kwanza, kaka yake Hana, nilimvusha kizingiti siku ya tatu kwa sababu paa lilikuwa linavuja na nilijiona mjanja. Siku ya tisa tulimzika. Muuguzi wa misheni aliniambia ule ugonjwa ungempata hata angebaki ndani. Nilimsikiliza kwa adabu, sikumwamini, na mpaka leo nikiona mtoto mchanga karibu na kizingiti nambeba kumrudisha ndani.

Basi nikaamua kubadilisha vyote, mlango na madirisha, kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu, Nathanaeli, alikuwa ametufundisha hivi: ukiwa na kazi ya fedha nyingi, uliza mafundi watatu, kila mmoja aandike bei yake kwenye karatasi, usome, ndipo uchague. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na sita bila kusoma hata jina langu. Kupewa karatasi tatu nizisome mimi mwenyewe, lo! Nilivaa kanga mpya siku ya kuzifuata.

Nilianza mjini Singida kwa Ramniklal, ambaye alikuwa na duka mbele na karakana nyuma. Mkewe, Vimla, aliniletea maji ya kunywa, na mzee akaanza kuniuliza maswali. Ukuta ni wa tope au wa tofali? Fremu ya sasa ina hali gani? Mlango unafungukia ndani au nje? Nani analala humo, na kitanda kipo upande gani?

"Bwana, mimi nimekuja kuuliza bei," nilimwambia, "sikuja kuposwa."

Alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akaandika mistari tisa kwa mwandiko mzuri, akanigeuzia karatasi. Mstari wa mwisho ulisema shilingi mia tatu themanini na tano.

"Soma yote, mama," alisema. "Usitazame chini tu. Bei iko chini, lakini maelezo yake yako juu."

"Kusoma najua," nikamjibu, nikakunja karatasi.

Niliondoka nikifyonya. Miaka ile kila mkutano ulikuwa unatukumbusha habari za kupe na wanyonyaji, na mimi Ramniklal nilimpanga kwenye kundi hilo kabla sijafika stendi. Leo naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wa pili alikuwa Paskali, fundi wa karakana ya misheni. Alikuja mwenyewe kwa baiskeli, akapima kwa futi, akachomeka bisibisi kwenye fremu yangu. Bisibisi iliingia yote, na alipoichomoa ukatoka unga.

"Mama, mlango wako hauna tatizo kubwa," alisema. "Tatizo ni kinachoushika. Nitatengeneza fremu tatu mpya, na siku ya kuweka nitakuja na wenzangu wawili."

Nikawaza: wenzako wawili waje wale ugali wangu. Karatasi yake ilikuwa na mistari sita, na wa mwisho ulisema mia mbili na tisini.

Wa tatu ni Alute, kijana wa Ilongero, mtoto wa watu ninaowajua. Huyu alinipa shikamoo ya heshima kabla hata hajaegemeza baiskeli. Alipima kwa kamba yenye mafundo. Halafu akasimama mbele ya mlango wa marehemu muda mrefu, akiupitishia kiganja juu na chini.

"Huu mninga umekauka vizuri, mama. Siku hizi hupati."

"Baba yake Hana alikuwa anajua kazi," nikasema, na sifa zikanipanda kichwani.

"Vya zamani nitavibeba mwenyewe. Wewe hutahangaika navyo."

Niliona huo ni ukarimu, nikamwongeza togwa. Karatasi yake ilikuwa na mistari minne tu, na wa mwisho ulisema mia moja na arobaini. Nilimhesabia sabini palepale, akaniambia atakuja Alhamisi ya wiki ile nyingine.

Niseme wazi kwamba pesa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeuza alizeti, na mkwe wangu alikuwa ametuma kitu. Ya Paskali ningeilipa bila kuuza hata mbuzi. Sikumkataa kwa sababu ya umaskini. Nilimkataa kwa sababu niliona ananipunja, na nilitaka sana kuwa mtu asiyepunjwa. Kisimani niliwasimulia wanawake wote jinsi wale wawili walivyotaka kuniibia. Jirani yangu Maria, ambaye ndiye mkunga wetu, aliweka ndoo chini akaniuliza.

"Lakini Mama Hana, mbona wamepishana hivyo? Mlango si ni ule ule, na madirisha ni yale yale?"

"Tofauti yote ni wizi," nilisema. Wanawake wakacheka, nami nikafurahi.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yetu kwenye shamba la kijiji, kuvuna mtama. Asiyefika aliandikwa jina na balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo nilikwenda. Hana alibaki nyumbani. Tulihesabu zimebaki wiki tatu. Saa tano hivi nilimwona Yeremia, mume wa Maria, anakuja akichechemea kati ya mtama. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani na hakuwa mtu wa kutembea mbali bila sababu, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Hana ameshikwa," alisema.

Mimi na Maria tulikimbia. Nilipoingia ndani kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanga. Nyumba yangu haikuwahi kuwa na mwanga namna ile. Niliona hata utando wa buibui darini. Lakini Hana alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa kitanda, analia, na mwanga haukuwa na maana tena. Tulifanya kazi iliyokuwepo. Saa tisa mtoto akatoka, wa kike, mdogo, akalia kwa hasira. Maria alikata kitovu, akafunga uzi, tukamfuta, tukamvingirisha kwenye kanga. Nilicheka na kulia pamoja.

Ndipo nikabeba beseni la maji machafu kwenda kumwaga nje, na nikapita mlangoni bila kufungua chochote. Nilisimama na beseni langu nikageuka kutazama. Mlango haukuwepo. Fremu haikuwepo. Pale palipokuwa na kizingiti palikuwa na mfereji mfupi wa udongo uliotifuka, na mchwa weupe wakitangatanga humo kwa kukosa makao. Nikazunguka nyumba: ukuta wa kulia ulikuwa na tundu la dirisha, na wa kushoto lingine, makubwa, na tope la kingo zake likidondoka kidogokidogo. Niliyahesabu mara mbili. Matundu matatu, na ndani yake mwanangu na mjukuu wangu.

"Hana," nikamwita. "Alute alikuja saa ngapi?"

"Asubuhi, ulipoondoka tu. Alikuja na mkokoteni wa punda. Akatoa vyote, akapakia."

"Akasema anarudi saa ngapi?"

"Uchungu ulikuwa umeanza, mama. Alisema maneno, mimi niliitikia tu kwa kichwa ili aondoke."

Nikajiambia anakuja. Ilongero si mbali kwa mkokoteni. Alikwenda kuchukua vipya, atafika sasa hivi. Saa kumi nikasimama nje nikiangalia barabara. Alipita mtu na ng'ombe wake wawili. Saa kumi na moja ikafika, upepo ukaanza kuwa wa baridi, unaingia dirisha la kulia na kutokea la kushoto, na mtoto akapiga chafya. Ile chafya ndogo ilinitia hofu kuliko kitu chochote cha siku ile. Nilikwenda kwenye kopo la chai nilikotunza karatasi zangu, nikazitoa, nikakaa kwenye kigoda pale mlangoni kwenye mwanga, nikazisoma. Kwa mara ya kwanza nilizisoma zote, kidole kikitembea chini ya herufi na midomo ikicheza, kama tulivyofanya darasani.

Nilianza na ya Alute. Siku ya kwanza, kutoa mlango, fremu, kizingiti na madirisha ya zamani. Siku ya pili, kuleta na kuweka mapya. Mbao, mlango wa zamani upasuliwe. Jumla, mia moja na arobaini.

Niliurudia mstari wa tatu mpaka nikaukariri. Alikuwa hajanipunguzia bei. Mbao zilikuwa zangu mwenyewe, za marehemu, na yeye alikuwa amehesabu mikono yake tu. Na ili apasue ule ubao wa vidole vinne kupata mbao za mlango na za madirisha, ilikuwa lazima auchukue kwanza. Alikuwa hajadanganya hata neno moja. Aliniandikia wazi kwamba kutakuwa na siku ya kwanza na siku ya pili, na mimi sikujiuliza katikati ya hizo siku mbili kuna nini.

Nikachukua ya Paskali. Fremu tatu za mninga, zitengenezwe kwanza karakana. Mlango na madirisha vitengenezwe kwanza karakana. Mafundi watatu. Kutoa na kuweka, siku moja, kuanzia asubuhi. Ya Ramniklal ilikuwa na yote hayo pamoja na gari la kuleta mzigo na nondo za madirisha, na mstari wa saba ulinifanya nifunge macho. "Vya zamani havitolewi kabla vipya havijafika nyumbani. Mtu wetu haondoki mpaka makomeo yote yamefunga." Aliniambia nisome yote, na mimi nikamjibu kwamba kusoma najua.

Basi ile shilingi mia na hamsini niliyojisifia kisimani ilikuwa bei ya usiku huu. Paskali na Ramniklal walikuwa wamenitoza ili usiku huu usiwepo. Nilikaa na karatasi mapajani.

Maria alitoka nje akaniona. Nilimwonyesha mstari, ingawa yeye hakujua kusoma, kisha nikamweleza.

"Kwa hiyo harudi leo?"

"Harudi leo."

Maria hakunisema. Aliangalia jua, lilikuwa limebakiza kama mkono mmoja kufika chini, akamwita mumewe. Yeremia alileta kuni na mkuki, akawasha moto mbele ya tundu la mlango. Sisi tulisukuma kihenge tukakiweka nje ya tundu la mlango, lakini mtama wa mwaka ule ulikuwa haujaingia ndani, kihenge kitupu, hata mbuzi angekiangusha. Madirishani tukapachika mikeka kwa vijiti. Upepo ukaisukuma, ikaanguka. Tukapachika tena, ikaanguka tena. Yeremia alikuwa mtu mmoja mwenye mguu mmoja mzima, na matundu yalikuwa matatu, mawili kati yake yakiwa upande ambao moto hauonekani.

Halafu tukamsikia fisi wa kwanza. Alicheka kutoka upande wa mahame, mbali, jua likiwa bado jekundu. Mbuzi wote wakanyamaza. Ndani palikuwa na harufu ya damu, tulikuwa tumefua na kufukia kila kitu, lakini mimi mwenyewe niliisikia, sembuse yeye. Akilini nilimwona yule mjukuu wa Laurenti, uso wake ulivyo sasa. 

"Twende kwangu," Maria alisema. "Mchukue Hana, mimi nachukua mtoto. Mlango wangu unafunga."

"Mtoto hatoki."

"Mama Hana."

"Hatoki! Wa kwanza nilimtoa, na wewe ndiye uliyekuja kumwosha. Umesahau?"

"Sijasahau. Na huyu unataka nimwoshe kesho?"

Nilikwenda kusimama katikati ya tundu la mlango nikatandaza mikono, kiganja kimoja kila upande wa ukuta, kama vile mimi ndiye mlango. Mbele yangu kulikuwa na fisi na nyuma yangu kulikuwa na lile kaburi dogo la mwanangu wa kwanza, na sikujua nimwogope nani zaidi. Nilikuwa nasema maneno, sijui nilisema nini. Maria aliniambia baadaye kwamba nilikuwa namwita mume wangu nikimwomba arudishe mlango wake. Yeremia alitazama pembeni kwa heshima. Fisi akacheka tena, na safari hii akajibiwa na mwingine upande wa lambo.

Hana alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani. Alikuwa amechoka mpaka midomo imekuwa myeupe, lakini sauti yake ilikuwa tulivu kuliko zetu sote.

"Mama," alisema, "kizingiti kiko wapi?"

"Unasemaje?"

"Kizingiti. Nataka kujua kiko wapi."

Nilitazama chini. Miguu yangu ilikuwa imesimama kwenye udongo uliotifuka, vidole vimezama, na mchwa walikuwa wanapanda kwenye kisigino.

"Alute amekibeba," nikasema.

"Basi kiko Ilongero. Mimi na mwanangu tukitoka hapa tutakuwa tumevuka nini?"

 Sitadanganya kwamba niliamini. Niliona kwamba ni hila, na kwamba wale wasioonekana tunaowaogopa huenda hawadanganyiki kwa hila ya binti aliyechoka. Lakini udongo ulikuwa udongo kweli, hapakuwa na ubao, na kwa mara ya kwanza jioni ile niliona njia. Nilisogeza kihenge. Nikamchukua mjukuu wangu, nikamfunika mpaka kichwani, nikapita pale kwenye udongo nimefumba macho. Hana alifuata, ameshikwa na Maria. Kutoka kwangu mpaka kwa Maria ni hatua hamsini na mbili. Nilizihesabu kwa sauti, na nilipofika arobaini kitu kilikimbia nyuma ya vibanda vya mbuzi, nikaacha kuhesabu nikakimbia. Yeremia aliingia wa mwisho, akafunga komeo, nami nikakaa chini nikaegemeza mgongo kwenye ule mlango mpaka kulipokucha. Yaliyosikika nje usiku ule sitayaandika.

Asubuhi nilikwenda peke yangu. Moto ulikuwa jivu. Mbuzi mmoja hakuwepo. Kihenge kilikuwa kimelala nje, kimepasuka. Ndani, kitanda kilikuwa kimeburutwa mpaka karibu na mlango. Kilikuwa kimewambwa kwa kanda za ngozi, na kanda zilikuwa zimeliwa, zote, imebaki mbao tupu. Kanga ambayo Hana alilalia haikuonekana tena. Kwenye udongo laini chini ya dirisha la kushoto, pale ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa, kulikuwa na nyayo za miguu miwili ya mbele, zimetulia kabisa, za mnyama aliyesimama bila haraka. 

Alute alifika saa nne. Alikuwa anaimba njiani, nilimsikia. Alisimamisha punda, akasema shikamoo, nami sikuitikia. Akachungulia ndani. Alipotoka alikuwa amevua kofia.

"Mama, mlilala wapi?"

"Hana amejifungua jana saa tisa. Hapo ndani."

Alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni wake, akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Niliandika, mama," alisema taratibu. "Siku ya kwanza na siku ya pili. Na nilimwuliza dada kama usiku huo mna pa kulala, akaitikia. Ningejua hali yake nisingegusa hata msumari."

"Uliandika," nikasema. "Mimi nilisoma mstari wa mwisho."

 Nilikuwa nimejiandaa kumtukana tangu alfajiri, na matusi nilikuwa nayo ya kutosha, ila kila nililolichagua lilinirudia mwenyewe. Nikamwambia afanye kazi.

Alikuwa fundi mzuri, kusema kweli. Alikuwa amepasua ule ubao usiku kucha, yeye na mwenzake, na mlango aliouleta ulienea nafasi yote bila maboksi ya chai. Alifunga madirisha kwanza, yakiwa na makomeo ya ndani. Kwenye ubao wa dirisha la kushoto, upande wa juu, niliona alama za tezo, zile za mkono wa mume wangu, mistari mifupi iliyoinamia upande mmoja kwa sababu alikuwa anatumia shoto. Niliipapasa. Alute aliniona akaacha kugonga kwa muda. Kisha akasimamisha fremu ya mlango, akaijaza tope na mawe pembeni, akashusha kutoka mkokotenini kile kizingiti cha zamani, amekisafisha mchwa na kukipaka oili chafu.

"Hicho usiweke," nikasema.

"Mama?"

"Subiri kidogo."

Nilikwenda kwa Maria, hatua hamsini na mbili. Nikamchukua mtoto, nikamfunika, Hana akanifuata ameshika kanga yangu kwa nyuma. Alute aliinuka akakaa pembeni bila kuuliza, kizingiti kikiwa mapajani. Nilipita katikati ya fremu mpya nikikanyaga udongo mtupu, nikaingia mpaka ndani kabisa, nikageuka.

"Sasa weka," nilimwambia.

Alipiga magoti akaanza kugonga. Kila nyundo ilipotua mtoto alishtuka mikononi mwangu, nami nilishtuka naye, mpaka Hana akaniambia nimpe yeye ambebe.